Niliyemwandika Yuko Hai

Usiniulize kama nilikuwa nimelewa, kwa sababu sinywi. Wala usiniambie jua la Turkana lilinipanda kichwani. Nilikuwa nimekaa kule mwaka wa tatu, na mimi na jua lile tulishazoeana. Haya yalitokea Kakuma, mwaka 2013, Jumapili saa sita mchana, nikiwa na macho yangu mawili na pua yangu. Hasa pua. Macho unaweza kuyafumba.

Nilikuwa fundi wa mifumo ya kompyuta katika kampuni moja ambayo jina lake nakataa kulitaja. Kazi yake ilikuwa kugawa chakula na vifaa katika kambi ya wakimbizi. Makao yetu yalikuwa Lodwar, na huko ndiko ilikokuwa seva kubwa yenye mfumo ulioendesha kila kitu: maghala, malori, na kadi za familia. Kila kadi ilikuwa na jina la mwenyewe, namba yake ya simu, alama ya kidole gumba chake, na majina ya watoto wake. Ukifa, jamaa yako analeta karatasi ya hospitali, na mtu kama mimi anafungua kadi yako na kuandika kwamba umefariki. Sekunde tatu tu, basi umekwisha.

Mwaka huo meneja wetu alitaka tutengeneze nakala kamili ya mfumo, kloni kama tulivyoita, tuiweke Kakuma ili makarani wajifunze toleo jipya bila kuharibu kazi ya kweli. Wageni wa kutoka Nairobi walikuwa wanakuja kuikagua Jumatatu.

Sasa nisikilize vizuri hapa. Kufanya kloni ya mfumo si kama kunakili barua. Unabeba programu, hifadhidata yote, mipangilio, hata tabia zake. Na nakala ikiamka haijui kuwa ni nakala. Inajiona ndiyo yenyewe. Kwa hiyo kuna mambo matatu ambayo fundi yeyote mwenye akili huyafanya kabla ya kuiwasha: anaipa jina lingine, anafunga njia inayotuma ujumbe kwenye simu za watu, na anaondoa majina ya kweli na kuweka ya kubuni. Mimi nilifanya la kwanza.

Mtandao wa setilaiti wa Lodwar ulikuwa wa kutia aibu, hivyo nakala niliibeba kwenye diski. Niliifunga kwa taulo, nikaitia ndani ya kopo la biskuti, nikaipakata njia nzima kwenye msafara wa magari uliosindikizwa na polisi, tukirushwa na mashimo ya barabara. Jumamosi jioni nikawa nimeshairudisha yote kwenye seva ndogo ya Kakuma. Kilichobaki kilikuwa majina ya mazoezi, kadi arobaini za familia zilizo hai. Nikaanza kubuni: Mama Jaribio wa Kwanza, Mama Jaribio wa Pili. Meneja akapiga simu, nikamsomea majina.

"Wewe unataka kuniaibisha? Wageni wanataka kuona familia zinazofanana na familia!"

Kutumia watu walio hai niliogopa, karani angeweza kuchanganya nakala na mfumo wenyewe akamnyima mtu chakula, kwa hiyo kadi zao zote nilizifunga kwenye nakala. Ndipo nikawakumbuka waliokufa. Walikuwepo tele, wana majina mazuri, wana watoto, na hakuna ambaye angekuja kulalamika. Nikaandika amri moja fupi, na wafu arobaini wakabadilika kutoka "amefariki" wakawa "yuko hai". Nikacheka peke yangu, nikaenda kulala. Ujanja ule unanitia kinyaa hadi leo, na nina sababu.

Jumapili asubuhi ofisi ilikuwa tupu. Watu walikuwa kanisani. Nilikuwa mimi ndani, na Lokiru mlinzi nje, amekaa kwenye kigoda chake akichokoa meno. Nikawasha nakala saa tano na nusu. Ikaamka vizuri, ikajiona ndiyo yenyewe, ikafanya ambacho mfumo wetu hufanya kila mwezi. Iliwaita wenye kadi waje kuhakikiwa. Modemu, kile kifaa cha kutuma ujumbe kwenye simu, ilikuwa imechomekwa. Nilipoona taa yake inawakawaka, nikaruka nikaichomoa. Ripoti ilisema ujumbe arobaini umetumwa, thelathini na tisa umeshindwa kufika, mmoja umefika.

Nilijipa moyo. Simu moja tu, pengine laini imeshapewa mtu mwingine. Wewe ungefikiria nini?

Harufu ilianza kama nusu saa baadaye. Mwanzoni nilidhani panya amefia darini. Kisha ikawa ile ya mbuzi aliyetumbukia kisimani akakaa wiki nzima. Ilinikaa kwenye ulimi, niamini, hadi maji niliyokunywa yakawa na ladha yake. Nikatoka kwenda kumlaumu Lokiru, na katika chumba cha mbele nikamkuta mwanamke ameketi kwenye benchi la wateja.

Amejitanda kitenge hadi usoni. Kitenge kimelowa udongo, nacho kinadondosha matone kwenye sakafu niliyoiona ikipigwa deki asubuhi. Kakuma haikuwa imeona mvua kwa miezi.

"Leo Jumapili, mama," nikamwambia, kwa ukali kwa sababu nilikuwa nabana pumzi. "Hatufanyi kazi. Njoo kesho."

"Naitwa," akasema. Sauti ilitoka kana kwamba mdomoni kuna uji. "Simu naita mimi."

Akaweka kadi yake mezani. Kisha, kabla sijamzuia, akanyoosha mkono na kubonyeza kidole gumba kwenye mashine ya kusoma vidole. Alipokiinua, ngozi ya kidole ilibaki kwenye kioo, nzima, kama ganda la nyanya iliyochemshwa.

Nilitapika. Sioni haya kusema. Nilitapika kwenye ndoo ya karatasi, na nilipoinua kichwa skrini ilikuwa imeshamtambua: Achol. Yuko hai. Familia: watu wawili. Waliofika: mmoja. Na chini yake yale maneno ambayo mfumo wetu ulimwambia kila mtu: fika na wote walio kwenye kadi yako.

Unajua nilipomkumbuka? Hapo. Mwaka uliopita mama mmoja wa Sudan Kusini, Mama Adut, alikuja dirishani kwangu na karatasi ya hospitali, amembeba mjukuu mgongoni. Binti yake Achol alikuwa amekufa kwa homa. Mimi mwenyewe, kwa vidole hivi, ndiye niliyeandika amefariki. Mjukuu, Abuk, tulimhamishia kwenye kadi ya bibi yake. Lakini katika ujinga wangu wa Jumamosi nilikuwa nimemfufua mama, na mfumo ukamrudishia mtoto.

"Naenda leta mtoto," akasema Achol, akainuka.

Alipotoka, Lokiru aliingia amejiziba pua.

"Fundi, nini imeoza hapa? Na hii maji ni ya nini? Geti nimefunga, hakuna mtu amepita!"

Hakumwona. Aliona maji tu, na nzi waliofuata njia yake hadi ukutani.

Nikarukia kompyuta nimrudishe alikokuwa. Nilifungua kadi yake niandike amefariki. Mfumo ukakataa. Rekodi inatumika, ikasema, subiri uhakiki ukamilike. Na uhakiki ungekamilika vipi? Kwa mtoto kufika. Kwa mtoto wa miaka mitatu kuhesabiwa pamoja na mama yake, popote mama yake anapolala. Kuizima tu hakungesaidia, ingeamka na kuendelea pale pale; ilibaki njia moja, kuifuta nakala nzima. Nikampigia meneja nimweleze.

"Usiguse hiyo nakala!" akafoka. "Ukiigusa huna kazi. Mtu amevunda ofisini? Mwagia dawa ya Jik!"

Nikakata simu. Nikaandika amri ya kufuta kila kitu, programu na hifadhidata, nikabonyeza. Mstari wa kijani ukaanza kutambaa. Dakika ishirini, ukasema. Lokiru alikuwa na pikipiki, na nyumba ya Mama Adut aliijua. Sikumweleza mengi, nilimwambia tu kuna mtoto wa kuokoa, akaacha geti na kigoda chake. Hilo sitalisahau.

Tulikata kupitia laga, mto mkavu, pikipiki ikizama mchangani, miiba ya mathenge ikituchana mikono. Njiani harufu ilitupiga mara mbili, tukajua tunampita. Watu waliotoka kanisani walikuwa wamesimama kando na nguo zao nyeupe, wanatema mate na kuulizana nani ametupa mzoga.

Tulimkuta Mama Adut mlangoni mwa nyumba yake ya udongo. Abuk ameketi kwenye mkeka, ameogeshwa, amepakwa mafuta hadi anang'aa, amevishwa gauni la Krismasi. Bibi alikuwa ameshika simu kuukuu. Laini ya Achol. Alikuwa akiichaji kila wiki sokoni, mwaka mzima, kwa sababu ndani yake mlikuwa na picha za binti yake.

"Ni wewe naita yeye?" akaniuliza, machozi yanamtoka, anacheka. "Asante. Mungu abariki wewe. Achol nakuja."

"Mama, ingiza mtoto ndani. Huyo anayekuja si Achol."

"Ni Achol. Simu naandika jina yake."

Achol akatokea kwenye ua wa miiba. Kitenge kilikuwa kimeanguka. Sitakueleza uso wote. Nitasema tu kwamba mdomo wa upande mmoja haukuwepo, na shavuni, chini ya ngozi, kulikuwa na kitu kinachotembea. Nzi walimfunika mabega. Na yule mtoto, unajua alifanya nini? Alinyoosha mikono. "Mama," akasema.

Na Mama Adut akamsukuma mtoto mbele. Taratibu, kwa mikono miwili, jinsi unavyompa mgeni kitu cha heshima.

Nilimnyakua Abuk kiunoni. Achol akanishika mkono, hapa, juu ya kiwiko. Ulikuwa mkono baridi na teketeke, vidole vikizama kwangu badala ya kunibana, na kila kimoja kilipozama kiliacha kitu chake.

"Wote walio kwenye kadi," akasema. "Wote walio kwe—"

Hakumaliza. Sikuona moshi wala kusikia kishindo. Palibaki udongo uliolowa na nzi waliozunguka pale pale wasijue waende wapi. Nikatazama saa. Dakika ishirini zilikuwa zimetimia.

Mama Adut alipiga magoti, akaushika ule udongo. Kisha akainuka, akanipiga ngumi za kifua hadi Lokiru akamshika.

"Wewe naleta yeye, wewe natoa yeye! Wewe ni nani?"

Nilimrudisha Abuk kwenye mkeka, tukaondoka.

Jumatatu nilifukuzwa kazi kabla wageni hawajashuka garini. Lokiru aliikwangua ile ngozi kwenye kioo kwa kisu, akaizika nyuma ya tangi la maji, na kisu akakitupa. Diski niliipasua kwa nyundo mbele yake. Abuk yuko hai, anasoma, na nimeambiwa ni mtundu. Mimi nilirudi kwetu Bungoma. Nyama sili. Mkono huu nimeuosha kwa sabuni, kwa ndimu, kwa mafuta ya taa, na bado kila Jumapili ikifika saa sita mke wangu anahama meza. Meneja nasikia alipandishwa cheo.

Kwa hiyo wewe unayenakili mifumo ya watu, popote ulipo, funga njia ya ujumbe kwanza. Buni majina, hata yawe ya kijinga, acha wageni wakucheke. Na jina la mtu aliyekufa usilichezee. Wewe unaliona kama mstari kwenye skrini. Kuna mahali mtu analichaji kila wiki.

Najua kwa sababu laini ya Achol bado inafanya kazi. Namba yangu Mama Adut aliipata kwa Lokiru. Hunitumia ujumbe, naye hajui kuandika, humwambia jirani amwandikie. Nimejaribu kumfungia namba, nikashindwa. Jana umeingia tena, na ni ule ule wa siku zote:

"Fundi, andika yeye tena. Hata kama yeye nanuka. Mimi taosha yeye."