Nyama ya Jumapili Kwa Mnyamwezi

Wenzangu wa wakati wa Mjerumani, nani kati yenu hakuliwa vidole na funza? Watoto wa leo nikiwaambia wanakunja pua. Wamevaa viatu vyao vya raizoni, soli nene kama tofali, funza atapandia wapi? Sisi tulikaa kizingitini kwa bibi, huko juu mlimani, ukungu wa asubuhi haujaondoka, naye bibi kaushika mguu wako kama anashika kuku wa kuchinja. Alikuwa na mwiba wake wa mlimao, akimaliza anauchomeka kwenye nyasi za paa. Anachokonoa, anatoa kile kifuko cheupe cha mayai, anakitupia motoni kinapasuka. Ukilia anakwambia, "Lia, mwanangu, ila mguu usiutingishe." Halafu anapaka mafuta ya mbarika, unaruhusiwa kwenda kuchechemea.

Kuandika nimejifunza uzeeni, kwenye kisomo cha ngumbaru, kwa hiyo msinilaumu nikitoka nje ya njia. Nitarudi.

Basi, mwaka mmoja funza walinila mpaka nikashindwa kukanyaga chini, na ilikuwa siku ya kuteremka mjini. Baba akanibeba mabegani. Nakumbuka kutoka huko juu ya kichwa chake nilivyoiona Morogoro yote, mapaa machache, moshi wa garimoshi, na upande wa Kihonda nyasi tupu za kumficha mtu mzima. Kihonda hiyo hiyo ya viwanda! Baba alinuka moshi wa nyama. Akitembea alikuwa anaimba kwa Kinyamwezi, na nyimbo zake zote zilikuwa za watu wanaotembea.

Baba aliitwa Mihambo. Alikuwa Mnyamwezi wa kuja, tangu ujana amebeba mizigo ya misafara, pembe na vitambaa, kisha akaingia kazi ya kulaza reli. Reli ilipofika kwetu akamwona mama akiuza ndizi mbivu, na yeye akafika. Wenzake wakaendelea na reli kwenda kwao bara, yeye akabaki. Sasa kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama na shamba ni la ukoo wa mama. Mwanamume akioa anakaa kwa watu. Mkubwa wetu sisi watoto alikuwa mjomba, kaka yake mama, Mjomba Kobelo. Baba alijua hivyo, na hakunung'unika. Alichokuwa nacho chake mwenyewe hapa duniani kilikuwa ni moto wa kuchomea nyama.

Wakati huo mtu wa kwetu kula chakula nje ya nyumba yake ilikuwa aibu. Aliyekula nje alikuwa msafiri au mtu aliyekimbiwa na mke. Baba ndiye aliyewazoesha. Pale mto Morogoro unapotoka mlimani, chini ya makazi ya watu wa reli, alijenga banda la nyasi, akapanga magogo ya kukalia, na kila Jumapili kazi ya reli ikisimama alichinja mbuzi. Mama alipika ndizi na maharage kando. Mwanzoni walikuja makapera wa reli peke yao. Baadaye Waluguru wakaanza kushuka na wake zao na watoto, wengine wametoka misa kwenye misheni, wengine Waislamu wa mjini na kanzu zao, wote wanasema wamepita tu, hawana njaa. Wakashiba. Pakaitwa Kwa Mnyamwezi.

Jamani, Jumapili zile! Sisi watoto tulipanda mteremko na magome ya migomba, tunakalia, tunateleza mpaka majini, tunatoka makalio yamechubuka. Maji ya mlimani yalikuwa baridi ya kuuma meno. Wasichana tulicheza mdako juu ya jiwe kubwa, wanaume walicheza bao na kutukanana, na togwa ilipita kwenye kibuyu kimoja, kila kinywa na zamu yake. Harufu ya mafuta ya mbuzi ikidondokea makaa ilipanda mpaka kwenye mashamba ya juu, na mtu aliyekuwa analima alitupa jembe. Siku hizi wajukuu zangu wanavaa suruali za bugaluu, wananyoa upande, wanakaa kwenye baa kumeza soda wakiwa wamenuna, muziki unapiga kelele wasisemezane. Eti wanastarehe. Sisi starehe yetu ilikuwa na maneno.

Na maneno yenyewe yalikuwa utani. Hapa msikilize vizuri, kwa maana vijana wamesahau. Mnyamwezi na Mluguru ni watani tangu enzi za misafara. Mtani anaweza kukunyang'anya chakula mkononi na huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika wewe ndiye mwenye kosa. Baba na Mjomba Kobelo walikuwa watani, tena mashemeji, basi ilikuwa moto juu ya moto. Kila Jumapili baba alisubiri Mjomba aweke pande la nyama mdomoni, akamnyofolea.

"Hiyo ni nyama, shemeji," anamwambia. "Nyinyi kwenu mlimani mnajua ndizi. Utavunjika meno bure."

"Simjui mtu huyu!" Mjomba anapiga kelele. "Nani anamjua? Kapotea njia na mzigo wa watu, akautua mlangoni kwa dada yangu. Mkamateni!"

"Haya, nikamateni. Nani Mluguru wa kunikamata? Mmezoea kutembea kwenye miinuko, mahali tambarare mnaanguka."

Watu wanacheka mpaka machozi. Ndiyo yalikuwa chumvi ya nyama ile.

Bibi alipokufa, yule wa mwiba wa mlimao, kaburi lilikuwa limekwisha chimbwa. Baba akashuka akajilaza humo ndani, mikono kifuani. "Nimefika wa kwanza," akasema. "Bibi atafute pengine." Ndivyo watani wanavyofanya msibani, ila sikuwahi kuona aliyefanya vizuri kama yeye. Mjomba, machozi yanamchuruzika, alicheka mpaka akakaa chini kwenye udongo. Alimtoa baba kaburini kwa kumlipa jogoo, ndiyo haki ya mtani. Alimshika mkono kumvuta juu, na walipokuwa juu hakuuachia upesi. Mimi niliwaona, nikajua baba yangu si mgeni tena. Nilikuwa mtoto, nikaamini jambo likishakuwa limekwisha kuwa.

Mwaka uliofuata Serikali ikamfanya Mjomba Kobelo kuwa jumbe wa makazi yetu. Alipewa kanzu mpya, kofia, na kiti chenye mgongo. Kiti kile kikawa kinabebwa popote aendapo. Kwa Mnyamwezi pia kilifika, kikawekwa kivulini, Mjomba hakukalia tena gogo. Baba akamtania, "Shemeji, umezeeka hata makalio?" Mjomba akacheka, lakini alitazama kwanza nani amesikia.

Halafu ikaja Jumapili ile. Akida alikuja kula, mtu wa pwani, mkubwa wa majumbe wote wa upande wetu, na askari wawili wageni waliosema Kiswahili cha kukatakata. Mjomba alitandika mkeka mwenyewe. Baba alichinja mbuzi mnene. Mama alinipaka mafuta, nikavishwa kaniki mpya, nikapewa kazi ya kuwanawisha wageni maji. Nilimnawisha akida, nikasema shikamoo, akaitika marahaba bila kuniangalia.

Mjomba akachukua pande lake la kwanza. Baba akaja kutoka motoni, jasho linamtiririka, anatabasamu. Akalinyofoa.

"Jumbe hali nyama," akasema. "Jumbe anakula kodi."

Watu wakaangua kicheko. Akida hakucheka. Akamgeukia Mjomba, "Huyu nani?"

Mjomba akasema, "Simjui mtu huyu."

Ndugu zangu, tukacheka zaidi! Maneno si yale yale? Kila Jumapili si ndiyo anayoyasema? Akida akawapa ishara askari, wakasimama na kiboko, na sisi bado tunacheka. Baba naye alicheka. Akasema, "Haya, nikamateni," akajilaza mwenyewe chini kifudifudi, kama alivyojilaza kwenye kaburi la bibi. Aligeuza shingo akamkonyeza Mjomba. Mimi niliruka kwa furaha na kata yangu ya maji mkononi.

Kiboko cha kwanza kilipotua bado kuna mtu alicheka nyuma, mwanamke, sauti yake ikakatika katikati.

Baada ya hapo kila mtu alielewa. Hata mimi. Mjomba alikuwa na nafasi, nawaambieni, nafasi kubwa kama mlango. Angesema neno moja tu, "Mtani wangu," akida angeelewa, watu wa pwani nao wana watani wao. Mama alimpigia magoti mbele ya kile kiti. "Kaka, sema. Kaka, waambie." Mjomba aliangalia mto. Mikono yake ilikuwa imeshika mikono ya kiti, na ile kofia ilikuwa imekaa sawasawa kabisa. Baba hakupiga kelele. Alikuwa amemkazia macho Mjomba, anasubiri, kama mtu anayesubiri mwenzake ajibu utani. Alisubiri mpaka hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano, ikaisha.

Nimezeeka sasa, nimewaona Waingereza wakija na kwenda, na sijapata kusubiri kitu kwa namna ile. Mjomba alikufa na kiti chake. Nilimuuguza mimi mwenyewe, maana mjomba ni mjomba, mtu hachagui. Sikumwuliza. Nilikuwa naogopa atanijibu vizuri, aniambie aliogopa, nami nimsamehe, na nikishamsamehe nitabaki na nini?

Wajukuu wananiambia, "Bibi, twende Jumapili Kihonda tukale kuku, kuna upepo mzuri, kuna viti." Wanadhani nakataa kwa sababu ya meno. Nakaa nyumbani nakula ugali wangu nimeufunga mlango. Watu wanakula nje siku hizi, hakuna anayemgusa mwenziwe sahani, wanasema ndiyo adabu. Labda ndiyo. Mtani akifika msibani sasa anapeana mikono, anaandikisha mchango wake, anakaa kwenye kiti. Na pale mtoni hapana hata jiwe letu la mdako. Lilipasuliwa kokoto.

Nirudi Jumapili ile. Baba aliinuka. Mgongo sitausema. Nyama iliyobaki motoni ilikuwa inaungua upande mmoja, akaigeuza. Tukakaa wote tunamwangalia anavyongoja iive. Ilipoiva akaikata, akachagua pande zuri la paja, akaliweka kwenye jani la mgomba, akaenda akaliweka mbele ya Mjomba kwa mikono miwili, kwa heshima, kama mtu anavyomwekea asiyemjua. Kisha akajifuta mikono kwa majani.

"Baba Tatu," mama akamwita kwa jina langu. "Baba Tatu, unakwenda wapi?"

"Nakuja," akasema.

Nikataka kumkimbilia. Mama mkubwa akanishika kaniki kwa nyuma. "Wewe ni wa huku," akanambia, na hakusema kwa ubaya, alikuwa analia.

Baba akapanda kwenye tuta la reli, akageukia bara. Alikuwa mikono mitupu. Alitembea katikati ya reli, hatua za mtu wa msafara, si za haraka, mpaka zile nyasi za Kihonda zikamfikia kiunoni, zikamfikia mabegani, pale nilipokuwa nakaa.