Kapteni wa Nchi Kavu na Majaketi Yake

Kuna watu wakinunua kitu wanakitumia, na kuna watu wakinunua kitu wanakisimulia. Fundi friji wa mtaa ule alikuwa wa kundi la pili, tena mwenyekiti wao. Alinunua boti ndogo nyeupe ya fiber, ina benchi mbele na benchi nyuma, na injini moja imening'inia mkiani. Akaiegesha juu ya tela mbele ya karakana yake, katikati ya majokofu yaliyovuliwa milango. Bwawa lenyewe liko nje ya mji, mwendo wa kusinzia na kuamka, lakini yeye safari alikuwa anazianzia palepale. Anapanda, anakaa nyuma, anashika mkono wa injini, anawahadithia wateja mawimbi. Mtu kaja kuulizia friji yake inayovuja, anaondoka na somo la dhoruba, friji bado inavuja. Mtaa mzima ukamwita Kapteni. Yeye akadhani ni heshima.

Mke wake alikuwa msusi, saluni yake ng'ambo ya barabara, na mdomo wake ulikuwa unasuka haraka kuliko vidole. Zamani, wakati wanachumbiana, Kapteni alimwambia kwamba siku moja atamvusha lile bwawa mpaka upande wa pili, wawili tu, kwa boti yake mwenyewe. Wakati huo hata baiskeli hana. Sasa watoto wamekua wameondoka nyumbani, boti imepatikana, na benchi la mbele halijawahi kukaliwa na mtu. Shemeji yake, kaka wa msusi, refa wa mechi za mtaani, aliomba lifti mara nyingi tu, jibu likawa moja: "Dada yako kwanza, shemeji."

Shida ni kwamba dada mwenyewe alikuwa hataki.

"Mimi maji siyaogopi," alikuwa anasema. "Nakuogopa wewe."

Basi Kapteni akaenda dukani kununua vifaa vya usalama, kwanza majaketi ya kuelea, ili mwanamke akose sababu. Muuzaji, mtu mpole mwenye miwani, akamuuliza, "Wavaaji wana kilo ngapi, bosi?"

"Wewe nipe ya rangi ya chungwa. Boti nyeupe, jaketi la chungwa, picha inatoka vizuri."

"Jaketi la kuelea linachaguliwa kwa uzito wa mtu, bosi, halichaguliwi kwa picha. Linatakiwa limbane kifua. Na huu mkanda unapita katikati ya miguu, lisije likamvuka kichwani."

"Unanifundisha boti? Mimi? Nipe manne, saizi moja."

Muuzaji akayafunga. "Sawa. Ila msiyakalie wala msiyaache juani. Sponji yake ikishabonyea, haielei tena. Yakague mara kwa mara."

"Mimi nakagua kila mwezi," Kapteni akajibu, na hata hajawa nayo kwa dakika kumi.

Akachukua na mtungi wa kuzimia moto, kamba ndefu ya kumrushia mtu aliyeanguka majini, na filimbi. Majaketi akayatupia stoo nyumbani, ndani ya nailoni zake, akaendelea na kazi ya kuyasimulia. Mtungi ukapata ajira ya kuzuia mlango wa karakana usibamizwe na upepo. Kamba ikahamia uani, ikaanza kuanikiwa mashuka. Filimbi akaiazima shemeji refa, kwa sababu ya kwake ilikuwa imepasuka akimpigia beki mmoja mkorofi, na kuazima kwa shemeji mnakujua wenyewe.

Kila mchana Kapteni alikuwa anavuka barabara kwenda kula saluni, kwenye benchi la wateja. Mke wake alikuwa ameweka pale mito mipya, minene, yenye foronya za maua, na Kapteni mwenyewe aliisifu: "Sasa hapa pana hadhi!" Baada ya miezi ilikuwa imelala kidogo, lakini bado ilikuwa nafuu kuliko ubao. Anakaa, anajisogeza, anapakata sahani, anaanza.

"Majaketi yangu mimi," siku hiyo alikuwa anamwambia mama mmoja mnene anayesukwa rasta nyekundu, mteja ambaye akiingia asubuhi anatoka na jua linazama, "nakagua mshono, nakagua sponji, nakagua mikanda. Kila mwezi! Hata tembo nikimvalisha anaelea."

"Anza wewe," mkewe akasema bila kuinua macho kwenye kichwa cha watu. "Tembo tutamtafuta baadaye."

Saluni ikacheka. Kapteni akatafuna kwa hasira.

"Nianze nini?"

"Jumapili twende bwawani. Unavaa hilo jaketi lako, unaruka majini, nakuona kwa macho yangu. Ukielea, napanda boti siku hiyohiyo, benchi la mbele, mpaka ng'ambo kama ulivyoniahidi. Ukizama, Jumatatu boti inauzwa, na nyumbani kwangu sitaki tena habari za mawimbi."

Mama wa rasta akageuza shingo na rasta zake nusu. "Kapteni, umesikia?"

Kusikia alisikia. Kuogelea, mnaelewa, Kapteni alikuwa anaogelea kama jokofu. Lakini mbele ya benchi zima la wanawake mwanaume atasema nini?

"Jumapili," akasema. "Mje na kamera."

Jumamosi alipotaka kwenda stoo kutoa majaketi, mkewe akamwahi. "Acha tu, baba watoto, mimi nitayabeba. Wewe pumzika." Kapteni akaguswa. Miaka yote ile ya ndoa hajawahi kuambiwa apumzike.

Jumapili ikafika. Pale bwawani kuna gati dogo la mbao, na kwenye ncha yake maji yana kina cha kumzidi Kapteni kidogo, ingawa kumzidi Kapteni si kazi kubwa. Shemeji alikuja na bukta yake ya urefa, filimbi shingoni, kadi mfukoni. Boti ilikuwa imeshushwa, inacheza pembeni. Msusi akatoa jaketi kwenye mfuko, akamvalisha mumewe haraka haraka kama anayemvalisha mtoto aliyechelewa shule.

"Funga na huo mkanda wa chini," akamwambia.

"Ule unanivunjia heshima. Mimi si mtoto wa nepi." Akapunga mkono kwa watu waliokuwa ufukweni, ambao hakuna hata mmoja aliyekuwa anamtazama, akapiga kelele, "Tazameni usalama!" Akaruka.

Jaketi liliinuka. Kapteni hakuinuka. Lilimpanda mpaka masikioni, na yeye chini yake akawa anaonekana pua na kipara tu, halafu kipara tu, halafu mapovu.

"Kamba!" msusi akapiga yowe. "Kaka, mrushie kamba!"

"Kamba iko wapi?"

Msusi akashika kichwa. "Ina mashuka!"

Shemeji alichoweza ni kupuliza filimbi, na aliipuliza kweli, bwawa zima likageuka. Msusi alikuwa ameshachomoa kasia kwenye boti, kalala kifudifudi gatini na gauni lake la kutokea, anachokoa maji. "Shika, baba watoto! Shika, mume wangu, shika, nakuomba!" Kapteni akashika. Wakamvuta wawili, akatoka akikohoa, anamwaga maji puani na mdomoni. Msusi alimkumbatia hivyohivyo alivyo, analia na kumpiga kofi la mgongoni kwa wakati mmoja.

Shemeji akangoja apate pumzi, kisha akachomoa kadi ya njano, akamwinulia.

"Kujiangusha ndani ya eneo la hatari."

Kapteni hakuwa na nguvu ya kutukana. Alikuwa anavua jaketi, na zipu imekwama. Akaangalia kilichokwamisha. Akavuta. Ukatoka uzi mrefu, mwekundu, unang'aa. Akaunusa. Unanukia mafuta ya nywele.

"Mama watoto," akasema taratibu, "kwenye jaketi langu kuna nywele za mwanamke."

Hilo neno, katika nyumba nyingi, huwa linasemwa na upande wa pili. Msusi akafungua mdomo ule unaosuka haraka kuliko vidole, ukakosa uzi.

"Nywele za nani hizi?"

"Za… za yule mama wa rasta."

"Jaketi langu limefikaje kwa mama wa rasta?"

"Halikufika kwake. Yeye ndiye alilikalia." Akapangusa macho. "Wateja walikuwa wanalalamika benchi gumu! Nikayaona yamelala stoo ndani ya nailoni, hakuna anayeyagusa. Nikayashonea foronya. Jana nimeyavua, nimeyapangusa, nikasema yatakuwa sawa. Mimi nitajuaje kwamba yakikaliwa yanakufa?"

"Foronya za maua?"

"Za maua."

Kapteni akakumbuka hadhi. Akakumbuka mchana baada ya mchana, sahani mapajani, anajisogeza apate pale penye ulaini. Kumbe usalama wake wote alikuwa ameuweka chini, anaukandamiza huku anausifu.

"Basi tumemaliza," msusi akajitutumua, maana aibu ikizidi hugeuka ukali. "Makubaliano ni makubaliano. Umezama, boti inauzwa."

"Sikuzama! Nilizamishwa! Na mito yako!"

"Mkanda wa chini nao nilikukataza mimi?"

"Refa!" Kapteni akaita. "Amua!"

Shemeji akaweka mikono nyuma, akatembea gatini kwenda na kurudi kama mechi ni ya fainali.

"Mechi irudiwe," akasema. "Vifaa havikuwa halali. Dada, onyo kwa kukalia vifaa. Na wewe Kapteni, unayekagua kila mwezi, hebu tuambie, ulikuwa unakagua na nini? Makalio?"

Hapo hata Kapteni alicheka, mpaka maji yaliyobaki yakamtoka puani.

Katikati ya wiki wakaenda dukani wote wawili. Muuzaji wa miwani alivuta mzani akauweka sakafuni. Kapteni akataja kilo zake, mzani ukamkana hadharani. Msusi alipopanda, akamwamuru mumewe ageuke atazame makasia. Muuzaji akawavalisha, akafunga mikanda yote, pamoja na ule wa kuvunja heshima, kisha akashika mabega ya kila jaketi na kuvuta juu kwa nguvu. Likipanda masikioni analirudisha. Walijaribu mengi. Lile lililomkaa Kapteni sawasawa lilikuwa la rangi ya kijani iliyofifia, halitoki vizuri hata kwenye picha, na alilichukua.

Jumapili iliyofuata akaruka tena. Safari hii kamba ilikuwa gatini, imekunjwa, na shemeji ameishika. Haikuhitajika. Kapteni aliibuka kama chupa tupu yenye kizibo, kidevu juu, anaelea bila kufanya lolote, na bado akawa anatoa maelekezo: "Mnaona mkao? Mnaona?" Shemeji akapuliza filimbi ya mwisho, kisha kwa mara ya kwanza akaivua shingoni na kuirudisha kwa mwenyewe.

Msusi akaangalia maji. Akaangalia boti. Akafunga mikanda yake yote, akaikagua, akamkagua na mumewe. Akapanda. Benchi la mbele.

Walienda taratibu. Mkono wa msusi ulikuwa umeshika ukingo wa boti mpaka vidole vikapauka, halafu kidole kimoja kikalegea kikagusa maji, halafu mkono mzima. Kapteni, ambaye aliandaa hotuba ya safari hii tangu enzi za kutokuwa na baiskeli, hakusema hata neno moja. Ng'ambo ikaanza kuonekana vizuri, miti yake moja moja.

Msusi akageuka. "Baba watoto. Ule mtungi wa kuzimia moto uko wapi?"

Kapteni akaangalia mawingu. "Uko… kazini."

"Kazini wapi?"

"Umeshika mlango wa karakana."

"Na petroli?"

"Ipo hapa. Miguuni kwangu."

"Geuza."

"Mama watoto, ng'ambo ile pale! Miti ile!"

"Geuza, nimesema. Jumapili ijayo tutafika, na mtungi wetu."

Katika maneno yote hayo Kapteni alisikia matatu tu: Jumapili ijayo tutafika. Akageuza, duara kubwa kuliko lililohitajika, polepole, na mkewe hakumwambia aharakishe.

Jumatatu upepo uliubamiza mlango wa karakana kutwa nzima, paa, paa. Mteja akauliza kwa nini usiwekewe kitu cha kuuzuia. Kapteni akamjibu kwamba kitu chenyewe kina safari.