Mume Wangu na Mlango wa Nyuma

Mwaka wa 1971, nikiwa na miaka tisa, baba yangu alikufa na shule ikafa pamoja naye. Nilikuwa darasa la pili. Mama alinipa nyundo ndogo tukaenda kugonga kokoto kwenye machimbo, na huko ndiko nilikosomea. Sisemi hivi ndio nihurumiwe. Nasema ili mtu akiniona leo na hospitali yangu ndogo hapa njia ya Masii, asidhani niliiokota.

Mume wangu nilimpata kwenye hizo kokoto. Alikuwa fundi wa mawe, anakuja kununua, na kila mara anachagua rundo langu. Nikamuuliza mbona. Akasema, "Hizi zimegongwa na mtu mwenye hasira. Hazina vumbi."

Yeye ndiye alijenga hospitali, jiwe kwa jiwe, mimi nikitafuta pesa ya saruji. Sasa yuko ndani yake, kitanda cha mwisho, karibu na mlango wa nyuma. Kiharusi kilimpiga, miguu ikakataa, na maneno yanatoka moja moja kama mtu anayepima chumvi. Tulimlaza hapa kwa sababu binti yetu ni muuguzi, ndiye anasimamia wagonjwa, na mimi nyumba yangu iko ng'ambo ya barabara. Namlisha mwenyewe. Namwosha mwenyewe. Hapo kuna sheria ambayo haijaandikwa popote: binti hamwoni baba yake bila nguo. Kwetu hilo halijadiliwi. Binti humpima presha, humpa dawa, humgeuza akiwa amefunikwa. Mimi nikiingia na karai la maji, yeye anatoka.

Basi mwaka jana akaja mkaguzi wa moto kutoka kaunti. Nilitarajia mwanaume mwenye kitambi. Akashuka msichana kwenye boda boda, Mkamba mwenzetu, akaniita susu, vile anavyomwita nyanya yake.

"Susu, vizima-moto viko?"

"Viko. Viwili. Vyekundu."

"Rangi naiona. Vilijazwa lini?"

"Vilikuja vimejaa."

Akacheka, akaandika. Kisha akafika mlango wa nyuma, akavuta. Kufuli.

"Funguo iko wapi?"

Nikaitoa kifuani.

"Na usiku?"

"Usiku pia iko hapa."

"Na wewe usiku uko wapi?"

"Kwangu, ng'ambo ya barabara. Unadhani mimi ni mgonjwa?"

"Kwa hivyo moto ukiwaka, wagonjwa wakungoje uamke, uvae viatu, uvuke barabara?"

Nikamwambia wezi wa huku pia hawangoji mtu avae viatu. Waliwahi kubeba tangi la maji likiwa limejaa nusu. Akasema mwizi anachukua tangi, lakini moto unachukua mama na mtoto aliyezaliwa asubuhi. Kufuli ikatoka siku hiyo hiyo, tukaweka komeo la ndani.

Kumbe hiyo ilikuwa ndogo. Alisimama kwa kitanda cha mwisho, akamsalimia mume wangu kwa heshima, halafu akauliza usiku huwa na watu wangapi kazini. Muuguzi mmoja, nikasema, na mara nyingi ni binti yangu.

"Anaweza kumtoa mzee peke yake?"

Mume wangu ni mtu mkubwa, na binti amechukua kimo changu, kifupi.

Akatueleza polepole. Cheti cha usalama wa moto hawezi kutupa hadi aone kila mgonjwa akitolewa na yule aliye zamu. Bila cheti, leseni haisongi. Tukishindwa kuna njia nyingine: tubaki na wagonjwa wanaotembea, na wasiotembea wapelekwe hospitali kubwa mjini. Atarudi wiki ijayo kuangalia.

Wasiotembea alikuwa mmoja.

Kabla aende alituonyesha namna. Blanketi unalitandika chini kando ya kitanda, mgonjwa anateremshwa juu yake, unashika upande wa kichwa na kurudi kinyumenyume ukivuta. Sakafu inakusaidia. Alimvuta binti yangu nalo hadi mlangoni, wote wawili wakicheka kama watoto kwenye mteremko. Binti akainuka akageukia kitanda.

"Baba, tujaribu?"

Mume wangu akashika chuma cha kitanda kwa ule mkono mzima.

"Hapana."

"Ni majaribio tu, baba."

"Mwanangu... hapana." Akakaza mkono hadi mishipa ikasimama.

Jioni nikapeleka karai. Nilimwosha mgongo nikijaribu kunyamaza, kazi ambayo sikuzaliwa nayo.

"Unaogopa kuanguka?"

Akatikisa kichwa.

"Unaogopa blanketi?"

Akanitazama kama nimekuwa mjinga. Kisha maneno yakaja, moja, moja. "Itafunguka. Ataona."

Nikaelewa. Chini ya shuka alikuwa na ile nguo ya wagonjwa iliyo wazi nyuma, na nepi. Huyu ni mtu ambaye hata akichanganya saruji alifunga vifungo vyote vya shati.

Mwingine angempa maneno matamu. Mimi sina hayo. Nikamwambia, "Mzee, ukipelekwa mjini nitakuona saa ya kuona wagonjwa, halafu nafukuzwa. Atakayekuosha ni kijana nisiyemjua, na maji atakuletea baridi. Unataka hivyo?"

"Hapana."

"Mimi pia sitaki. Na moto ukija nikiwa kwangu, nani akutoe?"

Akafumba macho. Nilidhani amelala. Nikawa namfuta miguu, hiyo miguu iliyokuwa inapanda ngazi na mawe mabegani, nikasikia:

"Suruali."

"Suruali gani?"

"Ya kanisa. Nivalishe. Halafu... anivute."

Nilicheka mpaka maji yakamwagika, halafu nikalia, yote kwa karai moja.

Mkaguzi aliporudi alimkuta mzee kitandani na suruali ya kijivu iliyopigwa pasi, shati limefungwa hadi shingoni, na soksi. Akaninong'oneza, "Susu, leo kuna sherehe?"

"Iko. Endelea na kazi yako."

Akapiga filimbi. Mama mmoja aliyejifungua akatoka na mtoto wake, kisha akageuka kurudia chupa ya uji.

"Uji utapikwa mwingine!" mkaguzi akamkemea.

"Lakini chupa ni ya mama mkwe!"

Binti yangu hakuangalia mtu. Alitandika blanketi, akamteremsha baba yake, akaanza kuvuta akiuma midomo. Mimi nilikatazwa kugusa, kwa hivyo nilijishika mikono yangu mwenyewe. Wakafika mlangoni wakakwama kwa kizingiti. Mume wangu alikiinua kizingiti hicho mwenyewe ili maji ya mvua yasiingie, na miaka yote alijivunia. Binti akavuta, wapi. Mzee akainua kidole akakionyesha, kama anayeamuru vibarua.

"Vunja. Weka... mteremko."

"Kwani nani alijenga kitu kama hiki?" binti akamuuliza akihema.

"Fundi... mbaya."

Binti akaangua kicheko, na ndani ya kile kicheko nguvu ikatoka sijui wapi, akamwinua mabega, akapita. Nje, mzee akalala chali kwenye nyasi akiangalia anga, suruali ikiwa mahali pake.

"Kiveti kyakwa," akaniita. Mke wangu. Nikainama haraka nikidhani ameumia.

"Kofia umesahau."

Cheti kilitoka baada ya mteremko kukauka. Tangu hapo mume wangu halali bila suruali. Fundi wa nguo sokoni alinishonea za kitambaa laini, zenye vifungo kando ili nimwoshe bila shida. Alitaka na mshipi, binti akakataa, akasema utamchuna ngozi. Kila jioni namfunga vifungo, namfunika, na binti akiingia zamu namwambia, "Baba yako yuko tayari." Halafu navuka barabara nikalale.

Leo niko na ploti moja njia ya Masii. Hospitali ya vitanda sita, milango miwili inayofunguka kwa nje. Vizima-moto vitatu, vimejazwa mwaka huu. Cheti ukutani. Binti mmoja anayenijibu. Mume mmoja, na suruali zake tano. Shamba la mahindi na mbaazi. Ng'ombe mwenye mimba. Kuku, wale ambao mwewe ameacha.