Gundi ya Athanas

Nimeshasema mbele ya mama na mbele ya padri, na hapa narudia: shemeji yangu Athanas aliua vifaranga wa dada yangu kwa kopo moja la gundi. Majirani zetu hapa Ushirombo wanasema ni pampu. Pampu zinakufa kila mahali.

Dada yangu Coletha anazalisha vifaranga wa kambare kwenye chumba cha uani: matangi matatu ya kioo, pipa la mchanga la kuchujia maji, na pampu ndogo ya kuyazungusha. Kazi hiyo ndiyo inayolisha nyumba, maana mumewe ni mchimbaji wa kuhamahama. Leo yuko duara hili, shimo la dhahabu, kesho akisikia rashi imelipuka mahali na watu wanakimbilia, huyo, na turubai lake.

Mipira ya maji iliyounganisha matangi ilipoanza kuvuja, Coletha alinunua mabomba ya plastiki. Athanas alikuwa nyumbani, akajitolea kuyaunga. Dada alimwambia, nikisikia kwa masikio yangu:

"Baba Noela, kwenye pampu weka yunioni, vile viungo vya nati, huku na huku. Chini ya kila tangi weka koki na yunioni. Kitu kikiharibika nilegeze nati kwa mkono, nitoe, nirudishe."

"Mama Noela, maisha yangu yote nimekaa na vitu vya kufunga na kufungua," akajibu. "Turubai unafungua, mpira wa maji unafungua, unahama. Hiki ni cha nyumbani. Napiga gundi, hakitoki hapo mpaka tuzeeke."

Dada akalainika. Nilimwona! Mwanamke mwenye akili zake aliacha anachokijua kwa sababu mume ametamka neno kuzeeka. Athanas akapasha ncha za mabomba kwenye jiko la mkaa, akapaka gundi, akachomeka, mpaka kwenye shingo ya pampu. Koki hakuweka hata moja. Ilipendeza, sikatai.

Mahindi hayajabeba, akaenda machimbo ya Mwakitolyo. Kuchungulia tu, alisema.

Pampu ikagoma mchana, matangi yamejaa vifaranga ambao bado hawajaweza kuvuta hewa ya juu. Mchanga ulikuwa umeziba ndani yake, kitu cha kutoa na kusuuza. Ungeitoa vipi, imegandishwa pande zote? Coletha akampigia mumewe simu. Karasha za kusagia mawe zilikuwa zinanguruma nyuma yake.

"Kateni na msumeno, mtaunga!" akapiga kelele, simu ikakatika.

Tukakata. Kwa kuwa hapakuwa na koki, maji ya matangi yote yakashuka kwa bomba moja, yakamwagika sakafuni, na vifaranga wakateremka nayo, wakafurukuta miguuni petu. Mimi nilikuwa nawazoa kwa viganja huku nalia kwa hasira. Dada hakulia. Aliziba tundu la tangi moja kwa kitenge chake, akaokoa wa tangi hilo tu. Wengine tuliwafukia nyuma ya choo.

Athanas alirudi tukiwa tunapukuchua mahindi.

"Shemeji, habari za hapa?"

"Waulize samaki," nikamwambia.

Akaingia chumba cha uani, akakuta yunioni kila mahali. Coletha alikuwa ameziweka kwa mikono yake.

"Mmekata kazi yangu yote," akasema.

 Dada akalegeza nati, akatoa pampu, akaishika ikichuruzika maji, akairudisha. Athanas akagusa bomba kubwa linaloingia kwenye pipa.

"Basi hili moja tulipige gundi, Mama Noela. Hili moja tu."

"Likiziba utakuwepo?"

Athanas akaanza kulifuta bomba kwa kiganja. Huyu ni shemeji ninayemtania tangu siku ya harusi, lakini utani wote ulinikauka. Nikamjibia mimi: "Hatakuwepo."

Nilisema hivyo ili anikatalie. Nikamsubiri anikatalie, na dada yangu, mkono wake ukiwa bado juu ya nati, alimsubiri pia.