Sabuni ya Télesphore

Huko Bagira, ukitaka kumuudhi fundi Télesphore, mwambie tu, "Papa, ziba haraka, niko pressé." Ataweka vyombo vyake chini na kukurudishia pikipiki yako vile ilivyokuja. Watu husema ana kiburi. Mimi ni jirani yake, aliniambia kisa chake siku moja tu, na nasema watu hao hawajui kitu.

Pikipiki zake ni zile kuukuu walizoacha mapadri na wenye mashamba ya chai, zenye matangi mazito yanayooza kwa ndani muda mrefu kabla ya kudondosha nje. Maji hutuama chini ya petroli, kutu inakula polepole, na mwenyewe yuko anapaka rangi juu! Kulitibu tangi ni kazi. Unamwaga petroli yote, unatia changarawe na kutikisa mpaka kutu itoke, unasuuza, kisha unajaza maji hadi karibu na tundu ili mvuke usilipuke. Hapo ndipo unalehemu kwa risasi na chuma cha moto. Inakula nusu siku. Njia ya mkato ipo pia: unasugua kipande cha sabuni kavu juu ya ufa. Petroli haiwezi kuyeyusha sabuni. Maji yanaweza.

Mwaka wa kisa hicho serikali ilikuwa ndiyo kwanza imetuagiza tuitane "citoyen", yaani mwananchi. Majina ya kizungu yalikatazwa, lakini mtaani tuliendelea kumwita Télesphore. Asubuhi moja Yolande, mkunga, alimletea pikipiki yake inayovuja, akaingia ndani kumsalimia mke wa fundi.

Télesphore alikuwa amevaa abacost mpya, ile suti isiyo na tai, ya kwanza maishani mwake. Alikuwa anakwenda Kasha kwenye mahari ya mdogo wake Raphaël. Mkaa wa kuchomea chuma ulikuwa haujawashwa, na kando ya beseni la mkewe palikuwa na sabuni. Yolande alipotoka pamoja na mke wa fundi, alikuta tangi limekauka.

"Papa Télesphore, umesude ile tangi na moto?"

"Ndiyo, maman. Iko muzima."

"Aksanti sana. Minaenda ku Kavumu, kuko mama mumoja anazaa vibaya. Haitanisumbua mu njia?"

Hapo angeweza kusema. Angemwambia ni sabuni tu, angemsimamishia lori barabarani. Lakini fundi kusema amedanganya, tena mbele ya mkewe, ilikuwa ngumu, na jua liliwaka.

"Enda tu," akasema.

Huko Kasha alikuwa ameshika kibuyu cha kasiksi, pombe ya ndizi, mkononi wakati matone ya kwanza yalipogonga bati. Akaweka kibuyu chini. Akasimama.

"Grand, unaenda wapi?" Raphaël akamuuliza. "Bazee habayamaliza kusema!"

Alichukua baiskeli iliyoegemezwa ukutani, hata hakuuliza ni ya nani, akashika barabara ya Kavumu. Mvua ilimpiga mpaka abacost ikawa nyekundu kwa matope. Njia nzima alimwomba Mungu ufa ule uwe umevumilia.

Alimkuta Yolande anasukuma pikipiki, analia. Petroli ilikuwa imekwisha yote. Chini ya tangi povu jeupe lilichuruzika hadi kwenye injini, lakini Yolande hakuliangalia povu. Alimwangalia yeye.

"Papa! Nani alikuambia nimekwama? Ni Mungu alikutuma!"

Akapanda baiskeli na mkoba wake, akaondoka. Télesphore alibaki na pikipiki peke yake, na kitu cha kwanza alichofanya ni kulifuta lile povu kwa mkono wa abacost, mtu asije akaliona. Tendo hilo linamchoma hadi leo, pengine kuliko uongo wenyewe.

Yolande alifika akiwa amechelewa. Alimwokoa mtoto. Mama yake, Virginie, alikuwa ametoka damu kwa muda mrefu mno, akafa mikononi mwake.

Jumapili iliyofuata Télesphore alikwenda Kavumu kusema ukweli. Alikuwa amekata shauri kabisa. Mama Constance, aliyemzaa Virginie, alimpokea mlangoni, akamletea maji na sabuni anawe, kisha akamwekea kile kichanga mikononi.

"Maman," Télesphore akaanza, "kuko neno minataka kukuambia. Ile siku ya mvula..."

"Yolande alituambia yote," Mama Constance akamkata, machozi yakimlengalenga. "Uliacha mahari ya ndugu yako, ukatoka mu mvula juu ya mutoto yangu. Ku commune tutamuandikisha Mugisho. Lakini leo asubui padri alimubatiza. Ni Télesphore."

Mtoto alikuwa amelala, ameshika kidole chake. Fundi aliona aibu hata kupumua. Neno alilokuja nalo lilikuwa pale pale ulimini.

"Aksanti, maman," akasema.