Misheck Mutugi na Haraka ya Miraa

Marehemu Misheck Mutugi, Mungu amlaze pema, hakuwa mchoyo. Watu wa Kianjokoma walisema ni mchoyo, lakini walikosea. Mchoyo hukataa kutoa. Misheck alitoa sadaka, alichanga kwenye harambee, na mara moja alimvulia shati mtu asiyemjua. Kitu kimoja tu ndicho kilichomfunga mkono, nacho ni nauli.

Nauli aliipima kwa majani ya chai aliyoyauza kiwandani kwa kilo. Ukimtajia bei ya kwenda Embu mjini, alifumba macho kidogo, akaona kikapu kikijaa mgongoni, mvua ikimnyeshea, vidole vimekuwa vyeusi kwa kuchuma. Kisha alifumbua macho na kusema, "Hizo si kilo kidogo. Na miguu ninayo." Akatembea.

"Muda Mungu anautoa bure kila asubuhi," alizoea kumwambia mkewe, Igoki. "Pesa ya kiwanda hutoka mara moja kwa mwezi. Sasa unataka nitumie ipi?"

"Anautoa bure, lakini wa jana harudishi," Igoki alimjibu. Yeye alikuwa mtu wa gari la kwanza, kiti cha mbele, na kufika kabla wenyeji hawajafagia uwanja. Ndivyo walivyoishi katika ndoa yao. Walialikwa pamoja, wakala pamoja na kupigwa picha pamoja, lakini kusafiri pamoja ilikuwa nadra.

Basi binti yao Gatwiri, aliyeolewa Timau na kufanya kazi kwenye shamba la maua, akajifungua mtoto wa pili wa kiume. Wa kwanza alikuwa amechukua jina la baba mkwe wa Gatwiri, Mzee Muthamia, kama ilivyo desturi. Huyu wa pili alikuwa wa upande wa mama. Akaitwa Mutugi.

Misheck alitembea kijijini juma zima kama mtu aliyechaguliwa kuwa chifu.

Ubatizo ulipangwa Jumapili katika kigango chao kule Timau, ambako padre alifika mara chache kwa sababu vigango alivyohudumia ni vingi na milima ni mirefu. Gatwiri akapiga simu.

"Baba, padre akiuliza jina la mtoto, wewe ndiye utakayembeba na kulitamka. Lakini usipofika, Mzee Muthamia amesema atambeba yeye."

"Muthamia? Si ana mjukuu wa jina lake?"

"Anasema Mungu alimpa mikono miwili."

Misheck hakulala vizuri. Asubuhi alikuwa na mpango.

Pale Embu mjini, kwenye kituo cha mafuta, alikuwa amezoeana na kijana mmoja wa Meru aitwaye Kiunga, dereva wa pikapu ya kupeleka miraa Nairobi. Kiunga alikuwa akirudi Meru asubuhi, gari tupu, na alikubali kumbeba kwa bei ya kikombe cha chai na mandazi.

"Mama Gatwiri, kwenye barabara hii kuna gari lenye mbio kuliko la miraa?" Misheck aliuliza huku akikunja blanketi la mtoto, maana Timau ni baridi. "Hata ng'ombe wa Runyenjes wakisikia honi yake huingia zizini wenyewe. Na likirudi ni tupu, nauli si kitu! Haraka na rahisi. Tangu nizaliwe sijaviona viwili hivyo vimeketi kiti kimoja."

"Mimi nimelipia gari la moja kwa moja," Igoki alisema. "Wewe nitakuombea."

"Jiombee mwenyewe. Nitakupita huko Chuka nikupungie mkono."

Jumapili hiyo, kukiwa bado na ukungu, Misheck alipanda pikapu ya Kiunga. Alivua kofia na kuikalia ili upepo usiichukue. Alifunga mkanda, akashika kishikio cha mlango kwa mikono miwili, akafumba macho na kuanza Salamu Maria.

Alisali tano. Alipofumbua macho, mama mmoja aliyebeba mzigo wa kuni kando ya barabara alikuwa bado yuko nao sambamba.

"Kijana," alisema kwa upole, "gari limeharibika?"

"Liko sawa kabisa, mzee," Kiunga alijibu, kiwiko kikiwa nje ya dirisha. Alikuwa akiimba wimbo wa kwaya pole pole.

Runyenjes walisimama kunywa chai, na Kiunga hakunywa chai kama dereva, alikunywa kama bibi harusi. Walipofika mto Thuci akaona gari lina vumbi, akateremka kuliosha. Misheck akashikishwa ndoo. Alikuwa amesimama hivyo, suruali imekunjwa, wakati gari la moja kwa moja lilipovuka daraja. Igoki alikuwa kiti cha mbele. Alimpungia mkono taratibu, kama askofu.

Misheck aliirudisha ndoo chini.

"Kiunga, mwanangu. Mimi nilisikia magari ya miraa yanapaa."

Kabla Kiunga hajajibu, kitu kilipita kikielekea Nairobi. Ilikuwa honi kwanza, halafu upepo, halafu harufu ya matairi. Taa zake zilikuwa zimewashwa mchana kweupe.

"Hilo ndilo gari ulilodhani umepanda," Kiunga alisema. "Haraka si ya gari, baite, rafiki yangu. Haraka ni ya miraa. Miraa ikinyauka inakuwa chakula cha mbuzi, kwa hivyo nikibeba mzigo naendesha kama ninayefukuzwa. Gari likiwa tupu, huo ndio wakati wangu wa kuishi. Sasa hapa nyuma kuna nini cha kunyauka?"

Misheck aliiokota ndoo tena. Mtu aliyelipa bei ya mandazi hana mdomo wa kulalamika. Chuka wakasimama tena, Kiunga akamsalimu shangazi yake, na shangazi akakataa wageni waondoke bila kula viazi.

Walipoingia Meru mjini, simu ililia. Gatwiri alikuwa akinong'ona.

"Baba, misa imeanza. Mama amefika zamani. Mzee Muthamia ameketi mbele kabisa, ameshanawa mikono."

Safari ya Kiunga iliishia hapo. Alikuwa akienda nyumbani kulala. Gari la Timau lililokuwa kwenye foleni lilikuwa na abiria mmoja, naye alikuwa amesinzia. Misheck alisimama na blanketi lake begani. Alifikiria jina lake likitoka katika kinywa cha Muthamia. Angelitamka vibaya, kwa makusudi.

"Kiunga," aliita. "Mwenye mzigo anakulipa ngapi kuteremsha miraa Nairobi?"

Kiunga akamtajia.

Misheck alifumba macho. Safari hii hakuona kikapu. Aliona shamba lote, kutoka mtoni hadi barabarani, na nusu ya bonasi ya chai ikiteremka mlima kwa miguu yake yenyewe. Akafumbua macho.

"Uliuliza kuna nini cha kunyauka," alisema. "Kuna mimi. Chukulia mimi ni miraa."

Kiunga alicheka mpaka akaegemea usukani. "Miraa ya bei ya chini au ya bei ya juu, mzee?"

"Ya juu kabisa. Na imeshaanza kukauka."

"Basi jifunge. Miraa nzuri hatuisafirishi ikipigwa na upepo."

Misheck akajifunga blanketi la mjukuu hadi masikioni, jinsi miraa inavyofungwa kwa majani ya mgomba. Kiunga akawasha taa. Kilichofuata, Misheck hakuwahi kukisimulia kwa mpango. Alisema tu kwamba alisali rozari nzima, kwamba matendo ya furaha yaliingiliana na ya uchungu, na kwamba mashamba ya ngano ya Timau yalipita kama mtu anayekunja mkeka. Kofia haikuonekana tena.

Waumini waliposikia honi ile nje ya kigango walidhani gari la miraa limepotea njia. Misheck aliingia amejifunga blanketi, nywele zimesimama, tayari kulitamka jina tangu mlangoni.

Padre alikuwa bado kwenye mahubiri. Na hakuonyesha dalili yoyote ya kubeba miraa.

Misheck akabanwa kwenye benchi la mbele, kati ya Igoki na Muthamia, akasikiliza mahubiri marefu kuliko yote aliyowahi kusikia. Muthamia alilitazama blanketi lake, akamtazama miguu, akaikunjua mikono yake na kuitia mfukoni.

"Karibu, mkwe," alinong'ona. "Naona umekuja na kitanda."

Hatimaye mtoto akaletwa. Misheck alimpokea, akampima kidogo mikononi kama anavyopima kikapu kabla ya mizani, na padre alipouliza jina alilitamka kwa sauti iliyowaamsha hata waliokuwa nyuma.

"Umelipa kilo ngapi?" Igoki alimuuliza walipotoka nje.

"Usiniulize kilo. Huyu peke yake ana kama tano, na bei yake ni halali."

Kiunga alikula pilau ya ubatizo, akasinzia kwenye nyasi, kisha akajitolea kuwafikisha Meru bila malipo. Walibanana watatu mbele. Gari lilitambaa, likasimama kila penye mtu wa kusalimiwa, na Igoki hakulalamika hata mara moja.

Mwezi jana Misheck alitutoka. Kiunga alipopata habari alishuka kutoka Meru na pikapu yake, ameiosha ikang'aa, akamchukua mochari ya Embu kumrudisha nyumbani Kianjokoma. Igoki alikaa mbele. Nyuma, jeneza lilifunikwa kwa majani mabichi ya mgomba. Kiunga, kwa woga wa kuchelewesha ibada, akakanyaga mafuta.

Igoki akamgusa mkono.

"Pole pole, mwanangu," alisema. "Leo hakuna kinachonyauka."