Picha Namba Kumi na Moja

Maabarani walimwita Vumbi, kwa sababu miaka tisa mizima alishughulika na chembe za chuma ambazo mbele yake hata vumbi ni jabali. Chembe hizo hudungwa kwenye mshipa wa mkono, zikapanda hadi ubongoni, na pale ugonjwa wa kusahau unapoanza kujijenga, zikang'ang'ania kama kupe. Kisha mtu hulazwa ndani ya mashine ya sumaku, na chembe huonekana pichani kama madoa meusi. Vumbi alitaka kuuona ugonjwa kabla mgonjwa mwenyewe hajasahau hata jina la jirani.

Hakuwa na mume, na marafiki aliwaahirisha mpaka nao wakamwahirisha. Mchana wenzake walikula pamoja. Yeye alikula mbele ya kompyuta, na asikudanganye mtu, lilimuuma. Jioni alirudi kwa mama yake, mtu pekee aliyemuuliza siku imekwendaje na kungoja jibu.

Jaribio la mwaka huu lilitaka wazee ishirini na wanne, nusu wagonjwa, nusu wazima. Alipokosa mzima mmoja, mama alikuja juu.

"Unahangaika kutafuta watu barabarani, kwani mimi ni kivuli?"

"Mama, kuna sindano, halafu unalala ndani ya mashine yenye makelele."

"Nimekulea wewe, nitaogopa makelele?"

Siku ya mama ilipofika, Vumbi alijifungia ghorofani, maana msomaji wa picha haruhusiwi kujua ipi ni ya nani. Karani alibandika namba badala ya majina, orodha akaifungia kabatini. Jioni hiyo mama alilalamika mpaka chakula kikapoa: ati chumba kile hakitaki kitu chochote mwilini, na pete ya marehemu mumewe, ambayo haikuwahi kutoka kidoleni miaka thelathini, wameitoa kwa sabuni ya vyombo!

Picha zote zilipokamilika, Vumbi alizisoma moja moja. Alipofika namba kumi na moja alipiga meza kwa furaha. Madoa yalikuwa yametanda palepale kumbukumbu zinapokaa. Akaandika "mgonjwa" bila kusita, na picha akaiweka kwenye ukurasa wa kwanza wa ripoti.

Siku ya kufungua orodha, karani alisoma, Vumbi akilinganisha. Ishirini na tatu alikuwa amepatia.

"Kumi na moja umechemsha, Daktari. Huyu aliandikishwa mzima."

"Haiwezekani."

"Orodha haina ndugu wala jamaa."

Vumbi hakukubali kushindwa. Kipande cha chuma kilichosahaulika mwilini huweza kutia doa picha na kulihadaa jicho, kwa hiyo akaomba fomu ambayo fundi wa mashine huandika kila kilichovuliwa. Alitumaini kukuta kibanio cha nywele kimeachwa. Kwenye namba kumi na moja, kwa mwandiko wa kupinda, fundi alikuwa ameandika: Pete moja. Imetolewa kwa sabuni.

Akausoma mstari huo mara ya pili. Hakuwa amekosea, na kwa mara ya kwanza alitamani kazi yake yote ya miaka tisa iwe ya uongo.

"Sasa niandike kosa moja?" karani aliuliza.

Vumbi aliirudisha fomu mezani. Alitafuta kichwani mtu wa kumpigia simu amweleze, akampata mmoja tu, naye ndiye huyohuyo.

Nyumbani alikuta sahani mbili mezani.

"Leo si ndiyo mlikuwa mnafungua orodha?" mama aliuliza. "Picha zangu zilitoka vizuri?"

"Vizuri sana, mama. Hakuna zilizo wazi kama zako."

Mama akacheka kwa majivuno. Akaizungusha pete kidoleni, akaanza kusimulia jinsi walivyoitoa kwa sabuni, tangu mwanzo, kama habari mpya. Vumbi alisikiliza yote, chakula kikapoa. Aliponyanyuka kukusanya sahani, mama alimshika mkono.

"Hivi mwanangu, picha zangu zilitoka vizuri?"

"Vizuri sana, mama," alijibu, kama ndiyo kwanza anaulizwa.